Fundo Lililobaki Kwenye Uzi wa Basi

Juzi mjukuu wangu Wambui alifufua bima ya gari lake huku akikoroga uji. Mkono mmoja mwiko, mkono mmoja simu. Nikamwambia aangalie uji usishike chini. Akanijibu, "Shosh, tulia. Imeingia."

"Nini imeingia?"

"Bima. Ya mwaka mzima."

Uji ulikuwa haujaanza hata kutoa povu.

Nilishika kikombe changu kitupu nikamtazama yule msichana kama mtu aliyeona mlima umehama. Kazi aliyoimaliza pale jikoni ndiyo kazi iliyonilisha mimi na mama yake kwa miaka ishirini na sita, na mimi niliifanya kwa miguu, kutoka Dagoretti Corner hadi katikati ya mji, jua na mvua, bahasha ya kaki nimeificha kifuani ndani ya sweta. Akanionyesha kwenye kioo cha simu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha.

Nikamwuliza, "Na saa?"

Akacheka. "Saa ya nini, shosh?"

Hapo nikajua lazima niandike haya.

Ninyi mnaoendesha magari ya watu, na ninyi mnaokaa maofisini mkifuata leseni na bima na faini za mwendo, nawaandikia ninyi. Sitawaambia zamani ilikuwa tamu. Zamani ilikuwa foleni. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo mahali nilipokosea, soma upite. Lakini hilo jambo la saa nalijua kuliko watu wengi wenye tai, kwa sababu lilikaribia kumnyang'anya mtu riziki yake, na mtu huyo hakuwa mimi.

Yadi yetu ilikuwa ya Mzee Harbans, Kalasinga mrefu aliyezaliwa hapa Nairobi, na baba yake alizaliwa hapa pia. Nyumba yake ilikuwa Spring Valley, lakini yeye mwenyewe aliishi langoni. Asubuhi magari yakianza kutoka ungemkuta amesimama pale na kilemba chake cha buluu na chai yake ya tangawizi, na kila gari lililopita alilisalimia kwa karatasi zake.

"Hii, ukaguzi tarehe tisa. Hii, bima bado miezi mbili. Wewe, dereva! Leseni yako nakufa Ijumaa. Unataka mimi naendesha?"

Hakuwa na kitabu. Magari thelathini na kitu, kila moja na bima yake na ukaguzi wake, na kila dereva na leseni yake, na yote yalikaa ndani ya kile kilemba. Mwanzoni nilifikiri anabahatisha. Siku moja nilichukua faili zote nikakaa nyuma ya mlango, na kila alipotaja tarehe, mimi nikaangalia. Hakukosa hata moja. Nimeona wazee wa kanisa waliokariri Zaburi, lakini Zaburi hazibadiliki kila mwaka.

"Gari nakula karatasi kwanza, Mama Nyokabi," aliniambia. "Diesel baadaye."

Mimi nilikuwa nafagia yadi na kuchemsha hiyo chai. Kazi ya karatasi niliipata kwa njaa. Mtu aliyekuwa akitumwa mjini alienda harusi kwao, kukawa na lori moja limebaki bila leseni ya barabara, ile ya duara iliyokuwa ikibandikwa kwenye kioo. Mzee akaona mimi ndiye mtu pekee asiye na kazi mkononi. Nikaenda, nikasimama. Saa saba ilipofika, watu wote mbele yangu walitoka kwenda kula. Mimi sikuwa na cha kula, nikabaki. Waliporudi walinikuta mlangoni kabisa. Nilirudi yadi jioni ile ile.

Mzee akashangaa. "Wengine nachukua siku tatu. Wewe umefanya nini?"

"Sikula."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa karatasi, na akawa ananipa chapati mbili za kubeba.

Mtanisamehe nikiwafundisha kidogo, maana kazi ni kazi hata ikihamia kwenye simu. Namba ya chasisi isome kwenye chuma chenyewe, usiisome kwenye nakala ya karatasi. Herufi moja ikipinda, umelikatia bima gari la mtu mwingine na lako liko uchi. Kalamu beba yako. Ukiambiwa umeshikwa kwa mwendo, usianze kupiga kelele. Uliza ni gari gani, mahali gani, saa ngapi. Mara moja tuliletewa kosa la lori letu, na siku hiyo lori lilikuwa juu ya mawe limetolewa magurudumu yote. Mzee alimwambia yule askari, kwa heshima kabisa, "Afande, kama hii imekimbia, mimi nataka kununua hayo mawe." Likafutwa. Na mtu yeyote akikwambia kando ya barabara kwamba ana njia ya mkato, mwulize njia hiyo inafika korti au inafika mfukoni mwake. Faini ya kweli ina mahali pake pa kulipiwa na ina risiti. Isiyo na risiti si faini.

Basi turudi yadi.

Mimi sikuwa na kichwa cha Mzee Harbans. Nilikuwa na uzi. Nilikuwa nafuma sweta za watoto wa jirani, na sufu inayobaki huwa siitupi. Funguo zetu zote zilitundikwa kwenye ubao wenye misumari, kila msumari na namba ya gari. Kwenye kila msumari nikafunga nyuzi: kijani ya bima, nyekundu ya ukaguzi. Karatasi ikibakiza siku kumi, natia mafundo kumi kwenye uzi wake. Kila asubuhi jua likitoka, nafungua fundo moja. Uzi ukinyooka, karatasi imekufa na gari halitoki. Hata dereva asiyejua kusoma aliona mwenyewe.

Mzee alipouona ubao huo mara ya kwanza alisimama mbele yake muda mrefu. Akagusa uzi mmoja kwa kidole, akahesabu mafundo midomo ikicheza. Kesho yake alikuja na mfuko wa sufu mpya kutoka mjini, rangi zote, hata zambarau ambayo sikuwa na karatasi yake. Zambarau nikaipa leseni za madereva.

Kichwa kilinivimba, sitaficha. Na kichwa kikivimba masikio huziba. Sikuwahi kufufua bima mapema. Nilikuwa namwambia Mzee kwamba kufufua bima inayopumua ni kama kumchimbia mtu kaburi na bado anakula. Nilikuwa nangoja fundo la mwisho lifunguke, gari likae pale, saa mbili nakuwa mlangoni kwa watu wa bima mjini, saa nne nimerudi na stika mpya, gari linatoka. Miaka mingi mambo yalikwenda hivyo. Sikuwahi kupoteza hata siku moja ya bima, na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti, watu wasikie.

Sasa Wekesa. Wekesa alikuwa dereva wa basi namba saba, mtu mpole wa kutoka Magharibi, anayeendesha kama amebeba mayai ya jirani. Basi lake lilikodiwa na shule moja kule Kitisuru. Alikuwa anajenga nyumba kwao, na kila Jumatatu alitupa habari. Ukuta umefika magotini. Ukuta umefika kiunoni. Wakati ninaowasimulia, ukuta ulikuwa umefika kwenye madirisha, na sisi yadi nzima tulikuwa tunaijenga naye kwa masikio.

Muhula huo shule ikaomba basi liwachukue pia wapishi na wafagiaji, liwafikishe jikoni kabla ya watoto. Kwa hivyo kwa mara ya kwanza gari letu likaanza kutoka saa kumi na moja, giza bado. Mimi nikawa nafika mapema kufungua lango na kutoa funguo.

Asubuhi hiyo Wekesa alizunguka basi na tochi kama kawaida yake, akaja dirishani.

"Mama, stika inasema mpaka tarehe kumi na nne."

"Ndiyo."

"Na leo si kumi na tano?"

Nikamwuliza, "Jua limetoka?"

"Bado."

"Basi bado ni kumi na nne. Angalia uzi. Fundo moja limebaki, nalifungua jua likitoka."

Alikuna kichwa. "Lakini wanasema siku inabadilika saa sita usiku."

"Nani wanasema? Wekesa, saa ya kwanza ya siku ni gani? Ni saa moja, na inakuja na jua. Ndiyo maana ikaitwa moja. Sasa siku itaanzaje saa sita, katikati ya usingizi wa watu? Kuna mtu ameanza kuhesabu kwa sita?"

Mnacheka. Chekeni. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Ukilala hujamaliza siku, ukiamka umeanza nyingine, na usiku ni mkia wa mchana uliopita. Nilikuwa nimeona saa za ukutani maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayekata siku gizani wakati hakuna anayeona.

Nikamwambia, "Wapeleke wapishi, urudi. Kabla jua halijatoka uwe umeegesha hapa. Watoto watabebwa na basi namba tisa. Mimi nakwenda mjini kuleta stika."

"Sawa, Mama. Wewe ndiye unajua." Akachukua ufunguo. Uzi niliuacha kwenye msumari, na fundo lake moja.

Jua lilitoka, Wekesa hakutokea. Nilisimama mbele ya ubao na kidole kwenye fundo, nikashindwa kulifungua. Kisha simu ikalia.

"Mama, nimeshikwa. Niko Waiyaki Way."

Alikuwa amewafikisha wapishi salama. Kurudi, basi tupu, akaona mashariki kunaanza kuwa kweupe, akakumbuka maneno yangu, akakanyaga. Yule mtu wa mayai. Askari walikuwa pale na kile chombo cha kupima mwendo. Themanini na saba mahali pa hamsini.

"Dereva, unakimbilia wapi na gari tupu?" askari alimwuliza.

"Nakimbiza jua, afande."

"Jua utalipata kortini. Bima yako iko wapi?"

Makosa yakawa mawili. La mwendo ni faini, unalipa unaumia unasahau. La bima ndilo lenye meno, kwa sababu hakimu anaweza kukuondolea leseni, ukatembea kwa miguu mwaka mzima. Dereva bila leseni ni nini? Ni mtu aliyekaa kando ya ukuta uliofika madirishani.

Mchana Mzee Harbans alituita mbele ya ubao wa funguo. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nani ametoa ufunguo ya namba saba?"

Nikafungua mdomo. Nawaambia ukweli kwa sababu uzee hauna haja ya kujipamba: nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Niliiona miaka yangu yote pale yadi, nikawaona madereva wakinitazama, nikaona kile kichwa changu kilichovimba kikipasuka mbele yao.

Wekesa akasema, "Mimi nilichukua mwenyewe, Mzee. Mama alikuwa hajafika."

Mzee akamtazama. Akanitazama. Akautazama ubao. Halafu akasema, "Sawa," akaenda zake.

Nilimfuata Wekesa kule kwenye mfereji wa kuoshea magari. "Kwa nini umesema uongo?"

Alikuwa anaosha mikono, hakuniangalia. "Mama, ukifukuzwa wewe, nani atatukumbukia tarehe zetu? Mimi hata kazi ya mjengo nitafanya. Na mguu uliokanyaga ni wangu."

"Wekesa, leseni yako—"

"Wacha, Mama. Sabuni iko hapo karibu na wewe, nipe."

Nikampa sabuni. Yaani mtu anabeba mzigo wako mzima kichwani, na wewe unampa sabuni.

Kutoka siku hiyo hadi siku ya korti nilifungua mafundo ya magari mengine kila asubuhi. Basi namba saba lilikuwa limezuiliwa polisi mpaka hukumu, na uzi wake wa kijani niliuacha pale pale na fundo lake. Kila nikiunyooshea mkono ulikuwa kama jicho.

Korti ilikuwa mjini, chumba kilichojaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi za nje. Nilishawahi kupita pale kulipa faini dirishani, lakini ndani sikuwa nimeingia. Nilifikiri nitakuta kelele. Nilikuta kimya, na katika kile kimya majina yanaitwa. Mtu wa gari kubwa kutoka Kitisuru, suti ya kijivu, anasimama karibu na kijana wa bodaboda aliyeshika kofia yake ya chuma. Karani anasoma kosa. Hakimu anauliza, ni kweli au si kweli? Kweli, anasema yule wa suti. Kweli, anasema wa bodaboda. Kweli. Kweli. Kweli. Kama watu wanaitikia sala. Miaka yote hiyo nilibeba karatasi za makosa, nikafikiri kosa ni karatasi, na kumbe mwisho wake ni mtu amesimama mbele ya watu anasema kweli kwa mdomo wake.

Hakimu alikuwa mwanamke mdogo, wa umri wa binti yangu Nyokabi. Aliandika kila neno kwa mkono wake na hakumkatiza mtu. Sijawahi kuona mtu akisikiliza hivyo. Alimsikiliza yule wa bodaboda kama alivyomsikiliza yule wa suti.

Wekesa akaitwa. Mzee Harbans alikuwa amekaa kando yangu, mikono juu ya fimbo.

Kosa la kwanza likasomwa. "Kweli, mheshimiwa." La pili likasomwa. "Kweli."

"Una la kusema kabla sijatoa hukumu?"

"Sina, mheshimiwa."

Hakimu akashika kalamu. Nawaambia, ile kalamu niliiona kubwa kama mti wa stima. Na miguu yangu, bila kuniuliza, ikasimama.

"Anasema uongo!"

Chumba kizima kiligeuka. Askari wa korti akanijia, "Mama, kaa chini! Hapa si sokoni."

"Sikai. Ufunguo nilitoa mimi."

Hakimu aliinua mkono, askari akasimama. "Wewe ni nani, mama?"

Nikamwambia mimi ni nani, na kazi yangu ni nini. Nikamweleza mambo ya uzi na mafundo, na ya wapishi, na nilivyomwambia dereva kwamba bado ni tarehe kumi na nne kwa sababu jua halijatoka. Watu walianza kucheka kutoka nyuma, kicheko kikaja mbele kama maji. Hakimu hakucheka.

"Mama, kwako siku inaanza saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mheshimiwa. Ndiyo maana ikaitwa moja."

Hapo hata karani aliinamisha kichwa, mabega yakicheza. Hakimu akaomba ile stika, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akairudia. "Hapa wameandika tarehe," alisema. "Saa hawakuandika." Akaiweka stika mezani. "Lakini sheria inajua saa yake, mama. Siku ya bima inakufa saa sita usiku, jogoo asikwambie vingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Akamgeukia Wekesa. "Wewe kwa nini hukusema?"

Wekesa alikuwa ameinamisha uso. "Mheshimiwa, yeye alikuwa langoni. Kwa usukani nilikuwa mimi."

"Na mwendo?"

"Huo pia ni wangu. Mama alisema nirudi kabla ya jua. Hakusema nishindane nalo."

Kiongozi wa mashtaka akasimama, akasema kama ufunguo ulitolewa na mfanyakazi wa yadi, basi hata mwenye gari ana kosa lake. Kabla hajamaliza, nikasikia fimbo ikigonga sakafu kando yangu. Mzee Harbans alikuwa amesimama wima, kilemba chake juu ya vichwa vyote.

"Andika mimi," alisema. "Gari yangu, mama yangu, dereva yangu. Andika mimi."

Hakimu aliandika muda mrefu. Faini ya mwendo Wekesa akaipata yake yote, bila kupunguziwa, na akaambiwa kwamba basi tupu huua sawa na basi lililojaa. La bima naye mwenye gari akapata faini yake. Kisha hakimu akafika kwenye leseni ya Wekesa. Akasema kuna sababu iliyo mbele yake, sababu ambayo hajawahi kuisikia na hatarajii kuisikia tena, na kwa hiyo leseni haitaguswa.

Wekesa alishika ule ubao wa kizimbani kwa mikono miwili. Mimi nilikaa chini.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia Mzee, "Nifukuze."

"Kwa nini?"

"Nilinyamaza."

Akanitazama chini kutoka kule juu kwenye kilemba. "Mimi najua siku ile ile. Wekesa nasema wewe hapana fika. Mimi naangalia uzi ya namba saba, fundo moja iko. Kama wewe hapana toa ufunguo, wewe nakuja, nafungua fundo kama kila siku. Na hiyo siku wewe umeogopa kufungua."

"Ulijua, na ukanyamaza mpaka korti?"

"Nangoja wewe. Kama wewe hapana simama, mimi nasimama. Fimbo tayari." Akaanza kushuka ngazi, halafu akageuka. "Lakini kutoka leo, Mama Nyokabi, bima nafufua siku saba mbele. Sawa? Acha maiti nakula."

Siku saba mbele. Wajukuu, kama hamtabeba kingine kutoka kwangu, bebeni hilo. Simu yako itakukumbusha, najua, lakini simu nayo huzimika, na mtandao huanguka siku ile ile unayouhitaji. Siku saba.

Asubuhi iliyofuata nilifungua lango saa kumi na moja kasorobo. Nilikuwa nimeshabandika stika mpya kwenye basi namba saba, nikabonyeza kingo zote nne kwa kidole gumba. Ubaoni nilikuwa nimeufungua uzi wa kijani, mwishowe, ukanyooka ingawa ulikuwa na alama pale fundo lilipokaa.

Wekesa alikuja na tochi yake. Alizunguka basi, akapiga magurudumu teke moja moja, akafika dirishani. Nilijua atamulika ile stika na kuisoma herufi kwa herufi, na ningekuwa yeye ningeisoma mara mbili. Hakuimulika. Akazima tochi, akanyoosha mkono apewe ufunguo, na akaniuliza kama alivyoniuliza kila siku miaka hiyo yote.

"Mama, karatasi ziko sawa?"

Sijui kama mtu amewahi kuwaamini hivyo. Mimi mara hiyo moja tu. Nilishika ule ufunguo nisiutoe mara moja. Nje kulikuwa bado giza, na huko mashariki hakukuwa na dalili yoyote ya jua.

"Ziko sawa," nilimwambia. "Leo ni siku mpya tangu saa sita usiku. Enda pole pole."

Akacheka, akachukua ufunguo. Nilisimama langoni nikatazama taa za nyuma za basi zikienda kuelekea Corner, mwendo wa mtu aliyebeba mayai, zikachukua muda mrefu sana kupotea.